Mishono Mitatu ya Njano

Kitu cha kwanza nilichonunua nilipotoka kwenye semina ya wanawake wenye biashara kilikuwa kiti. Si mashine, si kitambaa, ni kiti: cheusi, cha kuzunguka, chenye magurudumu matano na mgongo mrefu kuliko wangu. Mwalimu wa semina alikuwa ametuambia kwamba mwanamke asiyejiona mkubwa hawezi kuwa na biashara kubwa. Mimi nikajiuliza, nitajionaje mkubwa nikiwa nimekalia kigoda? Basi nikanunua kiti, na kesho yake nikaenda kuchongesha muhuri. MKURUGENZI MTENDAJI, herufi kubwa, wino wa bluu.

Mkurugenzi wa nini, utaniuliza. Wa chumba kimoja cha kushonea nguo ambacho zamani kilikuwa duka la vipuri, na sakafuni bado kuna doa la oili ambalo limezishinda sabuni zote. Mashine tatu zimepangwa chini ya dirisha. Meza ya kukatia ni mlango wa nyumba tuliyoiuza zamani tukabaki nao, umelazwa juu ya mapipa mawili, na pale palipokuwa na kitasa pana tundu tunapotumbukizia vipande vya nyuzi. Hiyo ndiyo kampuni.

Muhuri ulinipa raha, sitaki kusema uongo. Niligonga risiti, nikagonga bahasha, nikagonga mpaka barua niliyomwandikia mwalimu wa binti yangu kwamba mtoto hakuja shule kwa sababu tumbo lilimsokota. Mwalimu akamwuliza mtoto mbele ya darasa kama mama yake ni mkurugenzi wa matumbo. Simu nayo nikaanza kuipokea kwa sauti ya puani, "Ofisi ya mkurugenzi, nani mwenzangu?" na wifi yangu, aliyekuwa anasikia kila kitu, akawa anapaza sauti kutoka kwenye mashine yake, "Wifi, huyo ni mumeo!"

Kiti kilizunguka siku tatu. Siku ya nne kilikuwa kimezoa nyuzi zote za sakafuni, zimejifunga kwenye magurudumu na kupanda mpaka kwenye mhimili, kikagoma kabisa. Tangu siku hiyo mkurugenzi akitaka kugeuka anainuka, anageuka, anakaa upya.

Lakini kiti si neno. Neno liko kwenye siku ya pili ya semina, pale mwalimu alipotuambia kwamba kama kila kitu lazima kipite mkononi mwako, basi biashara yako haitazidi ukubwa wa mkono wako. Wape wenzio kazi na uwaachie. Niliandika maneno hayo na kuyapigia mstari mara mbili, tena kwa rula. Nikatikisa kichwa kwa nguvu mpaka kilemba kikalegea. Nilikuwa nawawazia wanawake wengine, maskini, wasioelewa mambo.

Sasa niwaambie nilivyokuwa nafanya mimi, mwelewa.

Nilikuwa na washonaji wawili. Wa kwanza huyo wifi, dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mdomo wake na mashine yake vinakimbia pamoja. Wa pili tunamwita Kimya. Jina lake lipo, ila siku alipokuja kuomba kazi alisimama mlangoni muda mrefu bila kubisha hodi, wifi akasema, "Kimya hivyo, huyu ni mteja au ni nguzo?" Jina likamganda. Mwenyewe hakulikataa, wala hakulikubali, alikaa kwenye mashine akaanza kushona.

Jioni wakiondoka nilikuwa nawaaga vizuri kabisa, "Haya, asanteni kwa kazi." Alfajiri, kabla jua halijatoka, nafungua mlango kwa ufunguo niliouvaa shingoni kwa utepe, ufunguo mmoja tu, haukuwa na pacha. Natoa nusu wembe kutoka kwenye mkoba. Nafumua. Kola ya wifi, nafumua. Mkono aliopachika Kimya, nafumua, napachika upya. Wakifika saa mbili nimeshapiga pasi, nimekaa kwenye kiti changu kisichozunguka, nakunywa chai kana kwamba nimeingia sasa hivi.

Kisa ni nini? Kisa ni wateja walionijaza kichwa. "Fundi, nataka ushone wewe, si hao wengine. Mkono wako hauna mwenzake." Ukisikia hivyo miaka kumi na moja, tangu uko barazani na mashine ya kuzungusha kwa mkono, utaamini. Mimi niliamini na nikazidisha. Niliamini kwamba siku mkono wangu usipogusa nguo, wateja watajua, watatawanyika, na nitarudi barazani. Hiyo ndiyo hofu iliyokuwa inaniamsha alfajiri, ingawa mimi nilikuwa naiita ubora.

Siku moja akaja matroni wa hospitali, mwanamke mfupi, mkavu, anayetazama mshono jinsi anavyotazama kidonda. Alizunguka chumba, akashika hiki, akageuza kile, kisha akasimama mbele ya meza yangu.

"Fundi, nina wauguzi wengi na sare zao zimechakaa. Nataka sare sitini kwa wiki nne. Zote zifanane, mikono ikae sawa, maana watu wangu wananyanyua wagonjwa. Zikija vizuri na kwa siku yake, kila mwaka utatushonea wewe, sisi na zahanati zetu zote. Zikichelewa au zikinipinda, nisikufiche, wale wa jumba la kushonea la barabara kuu wananibembeleza siku nyingi."

Nilimjibu kwa ile sauti ya puani kwamba kampuni yetu ina uwezo, nikagonga muhuri kwenye karatasi yake mara mbili, mara ya kwanza ulikuwa juu chini. Kazi ile ilikuwa ndiyo mlango wenyewe. Nikiipata, nimeachana na nguo mojamoja za watu wanaobadilisha mawazo siku ya kuja kuchukua. Nikiikosa, jina langu limechafuka kwa matroni, na matroni anajuana na kila mtu.

Basi nikajifunga kibwebwe. Nikaleta na mtindo mpya. Nikawaambia wenzangu kwamba kuanzia leo kila anayemaliza sare apige mishono mitatu ya rangi ndani ya pindo la chini, isiyoonekana nje: wifi nyekundu, Kimya kijani, mimi njano. "Ni mambo ya kuwajibika," nikasema. Neno hilo nalo nililitoa kwenye semina. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua mkosaji bila kuuliza. Kila alfajiri nikawa nafumua na kuandika kwenye daftari: nyekundu, kola, kijani, mkono, nyekundu, kola tena. Za njano sikuzikagua. Kwani mtu anajikagua?

Wiki mbili zikapita. Sare zilizotakiwa ziwe thelathini zilikuwa ishirini, kwa sababu kila moja ilikuwa inashonwa mara mbili. Kifundo cha mkono wangu wa kulia kikavimba, nikakifunga bendeji, nikaendelea. Mume wangu, ambaye ni fundi redio na ni mtu wa maneno machache, alinitazama nikijaribu kunyanyua birika kwa mkono wa kushoto.

"Mama watoto," akasema, "umeajiri watu wawili ili upate kazi ya watu watatu?"

"Wewe shughulika na redio zako," nikamwambia. Nilinuna mpaka chai ikapoa. Kilichoniudhi ni kwamba alisema kwa upole.

Siku ya Alhamisi ya wiki ya tatu, Kimya aliinuka kwenye mashine yake, akaja akasimama mbele ya kiti changu. Alisimama vilevile kama siku ile ya kwanza, nikajua kuna jambo.

"Dada, wiki hii ikiisha sitakuja tena. Nimepata nafasi kule barabara kuu."

Sare thelathini na nne zilikuwa bado, mkono wangu mbovu, na huyu ndiye anayeniambia kwaheri, tena anakwenda kwa walewale wanaombembeleza matroni.

"Kule wamekuahidi nini ambacho hapa hukipati?"

"Hawajaniahidi kitu."

"Sasa?"

"Nguo nitakazoshona zitatoka mlangoni."

Sikumwelewa, na nikamwambia hivyo, kwa ukali. Akatazama chini, kisha akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kusema tangu nimfahamu.

"Mwaka na nusu niko hapa, dada. Kila nguo ninayoiacha jioni, asubuhi naikuta imeshonwa upya. Mshono wako ni mdogo kuliko wangu, naujua. Sijawahi kumwona mtu njiani amevaa kazi yangu. Hata mmoja."

Wifi akasimamisha mashine.

"Kumbe na wewe ulijua?" akamwuliza Kimya. "Mimi nilidhani ni siri yangu! Wifi, unafikiri kwa nini siku hizi naziacha kola zangu nusunusu? Najisemea, nijichoshe ya nini, malaika wa alfajiri atakuja kumalizia."

Loo! Mtu mwenye akili angeomba radhi hapohapo. Mimi nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu niliona aibu, na aibu kwangu huwa inatokea mdomoni. Nikawapa vidonge vyao. Nikawaambia hawajui uchungu wa biashara, hawajui nimetoka wapi, na kwamba laiti wangekuwa wanashona kama watu, nisingekuwa naamka na jogoo. Halafu nikataka ushahidi. Nikaliendea fungu la sare zilizokamilika, nikachomoa moja ya katikati ambayo mkono wake niliuona umekunjamana begani.

"Tazameni hii! Tazameni! Huyu muuguzi atamnyanyua mgonjwa na mkono huu? Si utamvuta yeye! Huu ndio mshono wa kumpelekea matroni?" Nikatoa nusu wembe, nikaufumua ule mkono mbele ya macho yao, rrrr, mpaka ukaning'inia. "Mtu aliyeshona hivi hana haya. Hana haya, na hana macho! Nani kashona hii? Mwenyewe aseme."

Nikarudia, nani kashona hii.

Wifi akajikohoza. "Wifi, si ulituwekea rangi? Geuza pindo."

Nikageuza. Mishono mitatu, imepangwa vizuri. Njano.

Nilitazama nikatazama. Nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, labda kijani kimepauka. Wapi! Njano ya kiini cha yai. Wifi alijaribu kujizuia, namshuhudia, alijaribu kweli. Akauma khanga yake, machozi yakamtoka, mwisho akateleza kutoka kwenye kigoda akaketi sakafuni kwenye doa la oili, anacheka mpaka anashika mbavu. "Hana haya!" anasema. "Na macho hana! Mkurugenzi, umemtukana nani?"

Kimya hakucheka. Aliichukua ile sare mkononi mwangu, taratibu, akarudi nayo kwenye mashine yake. Mimi sikuwa na la kufanya isipokuwa kutazama, na nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtazama akishona badala ya kukitazama alichoshona. Nilivyofundishwa na shangazi yangu, mkono unauvuta ukae kwenye bega. Kimya hakuvuta kitu. Aliulegeza ule mkono chini, bega akaliweka juu, akawa anaongoza kwa vidole viwili tu, na mashine ikala kitambaa polepole bila kugombana. Alipomaliza akaning'iniza sare kwenye msumari. Mkono ulianguka umenyooka, umetulia, bila kupigwa pasi.

Nilikuwa na hotuba. Nilitaka kusema kuhusu timu, na maono, na safari ya pamoja, yote yako kwenye daftari la semina. Kilichotoka ni neno moja tu.

"Usiende."

Akafikiri.

"Basi nipe ufunguo," akasema Kimya.

Hakuomba nyongeza, wala cheo. Ufunguo. Nilielewa mara moja, na nikaona kama ameniomba figo. Nikashika utepe, nikauvuta kichwani, ukanasa kwenye hereni. Nikavuta zaidi, kilemba nacho kikaja. Ilibidi wifi ainuke sakafuni kuja kuninasua, huku bado anatetemeka kwa kicheko. Ndivyo mkurugenzi mtendaji alivyokabidhi madaraka, sikio limekuwa jekundu na nywele ziko nje.

Kesho yake alfajiri niliamka kama kawaida. Nikaoga, nikavaa, nikachukua mkoba wenye nusu wembe, nikatembea mpaka mlangoni pa chumba chetu, nikapeleka mkono shingoni. Hakuna utepe. Nikasukuma mlango kidogo, eti labda. Mlango ukanitazama. Sikuweza kurudi nyumbani, maana mume wangu angeniuliza nimekwenda wapi, kwa upole ule wake. Nikaketi kwenye ngazi.

Mwanamke anayefagia barabara akapita na ufagio wake mrefu. "Mama, umefungiwa nje?"

"Nimejifungia mwenyewe," nikamwambia.

Akasema pole, akaendelea kufagia. Nilikaa pale zaidi ya saa moja na nusu, na sitaki kujitia ushujaa: nililia kidogo. Nililia kwa hofu. Nilikuwa naziona zile sare mle ndani, na mkono wangu uko nje.

Kimya alifika kabla ya saa mbili. Hakushangaa. "Umefika mapema, dada," akasema, akafungua, akanipisha nitangulie.

Kazi akaipanga yeye, bila kelele. Yeye mikono na kola, wifi mapindo, mifuko na vifungo. Mimi nilipouliza nifanye nini, akautazama mkono wangu wenye bendeji, akanipa pasi. Nikapiga pasi kwa mkono wa kushoto siku tisa. Wifi naye, alipojua malaika amefukuzwa kazi, akaanza kushona kola ambazo sijapata kuziona, kumbe alikuwa nazo siku zote. Mara mbili nilijikuta nimeshika nusu wembe. Mara zote mbili wifi alikohoa. Sare sitini zilikamilika siku mbili kabla ya wakati.

Nilizipeleka mwenyewe hospitalini. Matroni alizikagua moja moja kwenye meza ndefu, akiingiza mkono wake ndani ya kila bega, na mimi nimesimama nimeshikilia mkoba kama mtoto aliyeitwa ofisini. Mwisho akazitenga mbili.

"Fundi, hamsini na nane sina neno. Hizi mbili mikono imekaa vibaya, inavuta kwapani. Niletee kesho saa nne asubuhi. Zikija sawa na zile nyingine, tutaandikiana za kila mwaka."

Nilitoka ukumbini hatua kumi, nikasimama karibu na dirisha, nikageuza pindo la kwanza. Njano. Nikageuza la pili kwa dua kabisa. Njano.

Nisiwadanganye, nilisimama pale muda mrefu. Nyumbani bado ninayo ile mashine ya kuzungusha kwa mkono, iko chini ya kitanda. Ningepita nyumbani, ningefumua, ningeshona, nani angejua? Ningewaambia wenzangu zimekubaliwa zote sitini, wangefurahi, na mimi ningebaki na heshima yangu. Nilianza hata kutembea kuelekea nyumbani. Nilifika kwenye kona ndipo nikajiuliza nitashonaje, na jibu lilikuwa kwamba nitavuta, kama nilivyofundishwa na shangazi, na matroni ataingiza mkono wake mle ndani kesho saa nne. Ufundi wa kushona mkono ule sikuwa nao. Nina miaka arobaini na sita, nina muhuri, na sikuwa nao.

Nikageuza njia. Nilipoingia chumbani nikaziweka sare zote mbili juu ya ule mlango wetu wa kukatia. "Zimerudi hizi," nikasema. "Anazitaka kesho."

Wifi akawahi kugeuza mapindo. Aliona rangi, akafungua mdomo, akaniangalia usoni, kisha akaufunga. Hilo nitamshukuru mpaka kaburini.

Kimya akazichukua, akazipapasa begani, akasogeza kigoda cha pembeni karibu na mashine yake.

"Dada, kaa nikuonyeshe," akasema.

Nikafungua mkoba, nikatoa nusu wembe, nikampa. Akaanza kufumua kazi yangu, na mimi nikakaa.